Kisanduku cha Jioni

Ziwa,
3 Februari 2025

Mpendwa Chepngetich,

Habari za huko Pioneer, Eldoret? Kifua kimekuachilia ama bado unalala na dirisha wazi kama mtu asiye na mama? Huku tuko salama. Goti langu linasumbua asubuhi tu, likipata joto linanyamaza. Baba yako alinipigia Jumapili akasema umekonda. Kula.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu hili ni jambo la pesa ya watu. Simu ni ya salamu. Pesa ya watu naitaka kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi, iingie kwenye faili ya kikundi, mtu asije kusema kwamba Naomi alipanga mambo kichinichini na mtoto wa kaka yake. Barua zitabebwa na Nyongesa, dereva wa lori letu la maziwa. Anapita karibu na kwako kila siku.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi chetu cha kina mama kina wanachama arobaini na sita, na tumeweka akiba ya shilingi 450,000 za kununua tangi la kupoesha maziwa. Hazitoshi. Benki imesema itatuongezea zilizobaki tukiionyesha rekodi safi za maziwa za miezi sita. Rekodi zetu ziko kwenye daftari, na daftari umeliona: Novemba yote imelowa mvua, na Oktoba kuna mtu aliweka kikombe cha chai juu yake. Bila tangi, siku lori likichelewa maziwa yanaharibika. Mwezi uliopita tulimwaga lita 280. Cherono, yule jirani yangu mpole, alilia akiwa bado ameshika ndoo.

Kuna kijana alikuja na suti akasema kampuni yao itatutengenezea app ya kuweka rekodi kwa milioni moja na nusu. Nilimpa chai nikamshukuru. Alipoondoka nikasimama mbele ya kina mama nikasema nina mtoto aliyesomea hiyo kazi. Waliniangalia sana! Mwishowe wamekubali tutumie sehemu ya akiba, lakini tarehe 12 Julai, kwenye mkutano mkuu, watapiga kura. Wakisema app haiwafai, kazi inasimama, tangi linangoja sijui miaka mingapi, nami naacha ukatibu. Hilo la kuacha nililisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu usio na breki.

Sasa nipangie. Nataka kujua kila kitu kitakachogharimu, na ni mwezi gani kitagharimu. Usinifiche kitu.

Ni mimi shangazi yako,
Naomi


Pioneer, Eldoret,
8 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na pole na goti. Mimi kifua kimepona na dirisha nimelifunga, usiniripoti kwa Baba. Nyongesa alinipata kwa kinyozi wa hapa chini, akakataa kumwachia mtu mwingine barua. Alisema umemwapisha.

Nimeisoma kwa kusimama. Shangazi, nimefanya kazi na maofisa wenye viti vya kuzunguka na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ninachotengeneza ni cha nini, kwa nani, na siku gani nitajulikana nimefaulu au nimeanguka. Wewe umemaliza yote kwa ukurasa mmoja na nusu.

Mpango wangu ni wa miezi minne. Mwezi wa kwanza kuchora, wa pili na wa tatu kujenga, wa nne kina mama waanze kuitumia nikiwa karibu. Kuchora namwachia Ronnie, rafiki yangu ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu, anataka 40,000. Seva, yaani kompyuta ya mbali itakayotunza rekodi, ni 36,000 kwa mwaka. Meseji moja kwa kila mwanachama kila siku, kwa senti themanini, inafika karibu 13,500 kwa mwaka. Kuiweka kwenye duka la app ni 3,500. Simu mbili za bei ya chini za kujaribia, 17,000, kwa sababu nikijaribia kwenye yangu nitajidanganya. Nauli na bando 20,000, na 20,000 za dharura. Jumla ni 150,000.

Nimeweka pia mambo ya kupendeza: picha ya kila ng'ombe, kalenda ya chanjo, hali ya hewa na mahali pa kina mama kupiga gumzo.

Naona bei hii itawafurahisha.

Binti yako,
Chepngetich


Ziwa,
15 Februari 2025

Chepngetich wangu,

Umelala salama? Na Ronnie, anakula vizuri? Sisi tunasukuma siku. Ng'ombe wa Nabwire, mhazini wetu, amezaa ndama jike, kwa hivyo hii wiki haongeleshwi, anacheka peke yake.

Bajeti yako tuliisoma mimi na yeye mezani kwangu. Nzuri. Sijawahi kuona mtu anahesabu mpaka senti themanini. Nilimsomea Nabwire hiyo sehemu ya simu mbili za bei ya chini, ya kwamba hutaki kujidanganya, akavua miwani akasema huyu mtoto amelelewa.

Lakini kuna shida. Umeweka pesa ya seva, ya Ronnie, na hata ya bando. Wewe utakula nini hiyo miezi minne? Nilisoma mara tatu nikitafuta jina lako. Nabwire akatafuta na miwani. Haupo!

Najua ulichofikiria. Ulisema huyu ni shangazi. Asante, Mungu akubariki, na usirudie. Mtu anayetufanyia bure hatuwezi kumfokea akichelewa, na mimi napenda kufoka. Tena siku ukipata kazi ya kulipa utatuweka kando, na utakuwa na haki. Nimeandika 35,000 kwa mwezi, miezi minne, 140,000. Jumla sasa ni 290,000, na tangi linabakiwa na 160,000 za kuanzia. Kina mama wameona na wamekubali. Hatutakulipa zote pamoja. Kila mwezi utatuonyesha kilichofanyika kwanza.

Picha za ng'ombe nimekata kwa kalamu nyekundu. Za nini? Kila mtu anamjua ng'ombe wake. Gumzo nimekata, tuna soko na kanisa. Hali ya hewa tunaangalia juu. Chanjo iache, hiyo ina akili.

Na hili hukuuliza: mteremko wote wa kwenda mtoni hauna network saa ya kukamua. Mama akijaza lita zake huko, app itazishika mpaka apande mlima ama itazitupa? Asiye na simu ya kisasa atajaza kwa ya jirani. Na herufi ziwe kubwa, wengi wetu miwani ni ya kuazimana.

Shangazi yako,
Naomi


Pioneer, Eldoret,
2 Aprili 2025

Shangazi,

Natumai mvua imewafikia na goti halijaikasirikia. Hapa Pioneer ni matope, boda boda zinateleza kama mbuzi kwenye sakafu, lakini mimi ni mzima.

Kwanza nikuambie ukweli. Ile barua yako ya kalamu nyekundu niliibandika ukutani, juu ya meza yangu. Niliona aibu ya kukatwa kwa siku moja, halafu nikaona umeniokolea mwezi mzima wa kazi. Na lile swali la mteremko, kama hungeliuliza, app ingekufa siku ya kwanza. Nimejenga upya kutoka hapo: inashika lita kwenye simu yenyewe na kuzituma ikiona network. Nimeenda mpaka Sugoi, kwa rafiki yangu aliye na boma bondeni, kujaribu. Imekubali.

Herufi zilimshinda Ronnie mara ya kwanza. Alichora ndogo na nyembamba, za watu wa mjini. Kuchora tena kumekula 8,000 za dharura, kwa hivyo dharura zimebaki 12,000. Risiti nimeambatanisha.

Nimeongeza kitu kimoja ambacho hukuniagiza, na najivunia. Kina mama hukamua mara mbili kwa siku, lakini daftari lenu lina asubuhi pekee. Nusu ya kazi yenu haionekani! Kwa hivyo kuna kisanduku cha asubuhi na kisanduku cha jioni, na kila Jumapili meseji ya jumla ya wiki inaingia kwa namba ambayo mwanachama ameandikisha. Sasa benki itaona kila tone. Angalia mchoro niliokutumia, na kama kuna neno niambie kabla sijafunga.

Nitakuja tarehe 28 kuwafundisha.

Binti yako,
Chepngetich


Ziwa,
9 Aprili 2025

Mpendwa Chepngetich,

Hapa ni salama kabisa, hofu ni kwako na hayo matope. Goti linakusalimia.

Mchoro nimeuona. Herufi hata mimi nasoma bila miwani. Sina neno. Njoo tu hiyo tarehe 28, kina mama wamenunua mchele.

Nikuambie kitu. Nilipokuwa rika lako nilipewa daftari la kikundi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilidhani huko ndiko kusoma kunakofika. Nikiangalia haya makaratasi yako najisikia mrefu.

Shangazi,
Naomi


Pioneer, Eldoret,
20 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Mko salama? Nauliza kwa kumaanisha, kwa sababu ni wiki mbili sasa na Nyongesa anakuja mikono mitupu.

Siku ya mafunzo ilikuwa nzuri sana. Bado naisikia ile sauti ya kina mama wakibonyeza "tuma" kwa pamoja. Niliwaambia wasiache kisanduku wazi, na hawakuacha. Wiki ya kwanza rekodi zilijaa. Wiki ya pili, tangu Jumatatu, za jioni zikakatika. Sasa hata za asubuhi zimeanza kupotea. Jana ni wanachama tisa tu waliojaza.

Nimekagua seva, nimekagua simu zote mbili. Hakuna kilichovunjika. Je, ni yule kijana wa suti amerudi? Ni kitu nilichosema? Nikipiga simu unaniambia uko na ng'ombe. Shangazi, wewe huwa na ng'ombe saa sita ya mchana?

Nimebaki na wiki saba kabla ya kura. Naomba uniambie.

Binti yako,
Chepngetich


Pioneer, Eldoret,
27 Mei 2025

Shangazi,

Salamu. Leo ni wanachama wanne.

Malipo ya mwezi wa mwisho msinitumie kwanza.

Chepngetich


Ziwa,
2 Juni 2025

Mtoto wangu,

Nisamehe. Natumai umelala na umekula. Mimi goti limevimba kwa sababu nimetembea boma kwa boma wiki tatu, na mengine yako mbali.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua kosa ni lako ama ni langu. Sasa nimejua ni langu. Wewe umekulia mjini, maziwa kwako ni ya pakiti. Mimi nilikuwa na mchoro mkononi.

Sikia. Maziwa ya asubuhi ni ya boma. Yanaenda kwa lori, yanalipa karo na daktari wa mifugo, na mzee anajua hesabu yake. Ya jioni ni ya mama. Ni ya chai, ya watoto, ya kugandisha mursik kwenye kibuyu, na yakibaki anauzia majirani, na hiyo pesa ni yake. Hakuna mzee anayeuliza ni lita ngapi. Hakuna aliyetufundisha, hakuna mahali imeandikwa, bibi yako alifanya hivyo na mama yake vilevile. Nilipoona neno "jioni" kwenye mchoro wako nilijiambia hakuna mwanamke atakayejaza hapo. Nikasema sina neno. Sikufikiria kwamba ukimwambia Cherono asiache kisanduku wazi, Cherono hataacha.

Alijaza yote, maskini, mpaka nusu lita. Na namba aliyoandikisha ni ya mzee wake Joseph, kama wengi wetu. Jumapili ya kwanza meseji ikamkuta Joseph ametoka kanisani, anaongea na wanaume wenzake. Akaisoma kwa sauti akidhani ni ya kampuni ya simu. Asubuhi lita 71, jioni lita 38.

Joseph si mtu mbaya. Alikuja kwangu ameshika kofia, akasema, "Mama Naomi, miaka kumi na tisa sijauliza, na sikuwa nataka kujua. Sasa nimejua. Nitafanya nini?" Amepunguza pesa ya sukari na sabuni, kwa sababu ameona mama ana zake. Kufikia jioni ile ya Jumapili habari ilikuwa imezunguka jikoni zote. Wakaacha kujaza ya jioni, halafu wakaogopa hata ya asubuhi. Wengine wamezima simu kabisa.

Kazi yako ni nzuri, Chepngetich. Nasema hivyo kwa kila boma ninaloingia. Lakini hakuna anayeigusa, na mimi sijui kama inaweza kutengenezwa.

Shangazi yako,
Naomi


Pioneer, Eldoret,
4 Juni 2025

Shangazi,

Weka goti kwenye maji ya chumvi, halafu uendelee kusoma.

Nimelia, kisha nikaona haya, kisha nikafanya hesabu. Niliona shimo kwenye daftari lenu nikadhani mmesahau. Miaka yote hiyo mmekuwa mkiliacha wazi kwa makusudi, na mimi nikalijaza bila kuuliza.

Inatengenezeka. Kukiondoa kisanduku pekee ni kazi ya asubuhi moja, lakini haitoshi. Zile lita za jioni zilizokwisha kuingia lazima zifutwe kila mahali, hata kwenye nakala za akiba, mtu yeyote asizipate, hata mimi. Ripoti zote zijengwe upya. Na kila mama apate nambari yake ya siri ya kufungulia rekodi zake, meseji ya Jumapili isiende kwa mtu mwingine. Ni wiki tatu na shilingi 40,000, pamoja na mtu wa kukagua kwamba kweli zimefutika. Dharura ina 12,000. Zinapungua 28,000.

Hizo nitazibeba mimi. Kisanduku ni changu, hukuniagiza. Naomba usibishane.

Binti yako,
Chepngetich


Ziwa,
10 Juni 2025

Chepngetich,

Umeamkaje? Goti limeshuka, asante kwa chumvi.

Nabishana. Mchoro uliniletea ukaniuliza kama nina neno. Aliyesema hana neno ni katibu wa kikundi, si wewe.

Jumamosi niliwaita kina mama nyuma ya kanisa, nikawasomea barua yako yote, hata pale ulipolia. Niliposoma kwamba zitafutwa hata wewe usizipate, waliniambia nirudie. Sikuomba pesa. Nilieleza tu kwamba zinapungua 28,000. Kufikia leo asubuhi Nabwire alikuwa nazo zote, noti za hamsini na za mia, nyingine zinanuka moshi wa jikoni. Cherono alileta elfu moja na mia mbili. Nabwire alikaa na kitabu cha risiti akaniuliza, "Niandike zimetoka wapi?" Tukaangaliana. Akaandika "Wanachama" akafunga kitabu.

Nyongesa anazo kwenye bahasha hii. Zihesabu mbele yake. Na ulipe mkaguzi, ujilipe na wewe, kisha ufanye haraka, mwanangu. Tumebaki na siku thelathini na mbili.

Shangazi,
Naomi


Pioneer, Eldoret,
3 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu kwako na kwa goti. Mimi ni mzima, ingawa usingizi nina deni lake.

Zimekamilika 28,000, Nyongesa ni shahidi.

Kazi imekwisha jana. Mkaguzi ametafuta siku mbili nzima maziwa ya jioni na hajapata hata tone. Nilimwambia apekue kama mtu mwenye wivu. Risiti yake iko hapa, na karatasi ya kila shilingi iliyotumika. Nimeandika pia maelezo ya nambari ya siri kwa herufi kubwa, wagawie.

Nimeambiwa na watu wengi kwamba najua kazi hii. Sijawahi kuona mpango ukishikwa kama ulivyoushika wewe, ukatembea kwa mguu mbovu kuulinda, ukakubali kosa mbele ya watu. Kura ikienda vibaya, nitakuja Ziwa nikae kando yako siku utakapokabidhi daftari. Nilitaka ulijue hilo kabla ya tarehe 12.

Binti yako,
Chepngetich


Ziwa,
13 Julai 2025

Binti yangu,

Sikuulizi habari leo, nitauliza mwisho. Acha nikuambie.

Wote arobaini na sita walikuja, na wazee wakakaa nyuma kwenye mabenchi, Joseph katikati. Nilisimama nikasema yote: pesa zilizotoka, zilizoongezwa, kosa langu. Nikasema kama kuna swali niulizwe. Nikaanza kutafuta daftari la kukabidhi.

Ndipo Cherono akasimama. Huyu mama hajawahi kuongea mkutanoni tangu kikundi kianze. Alipita katikati ya watu wote mpaka kwa mzee wake, akabonyeza nambari yake ya siri, akampa simu. "Angalia," akasema. Joseph akavaa miwani. Akaangalia wiki zote, akarudi mwanzo, akaangalia tena. Lita za asubuhi, bei, tarehe, chanjo ya ng'ombe wawili. Akamrudishia. Akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hapa hakuna kitu cha kuuliza." Nakuambia sijaona mwanaume amepumua vile. Wazee wengine wakaanza kumpiga mgongoni, na nusu ya kina mama wakawa wanafuta macho kwa leso.

Kura: arobaini na tatu ndiyo, wawili hapana, na mmoja alikuwa amelala. Leo asubuhi wamejaza wote, hata yule wa usingizi. Tukishika miezi sita hivi, Januari tunaenda benki.

Mimi nililia, usiambie baba yako. Sijui hata niseme nini juu yako. Watu wenye maarifa nimewaona wengi, wakitueleza mambo yetu wenyewe. Wewe ulikosea, ukauliza, ukasikia, na ulichotutengenezea sasa kinajua mahali pa kunyamaza. Ninajivunia mpaka nasikia aibu sokoni, kwa sababu nakutaja hata kwa wauza vitunguu.

Habari yako sasa? Umelala? Njoo Jumamosi, na uje na mitungi, si chupa. Kina mama wanakuletea maziwa ya kubeba kwenda nayo Pioneer. Ni ya jioni. Usiulize ni lita ngapi.

Shangazi yako,
Naomi